Kabati la kilo 40 na mkokoteni wa Kariakoo: mwongozo kamili wa kupima jinsi msuguano na tungamo vinavyobana mwendo

Simama nusu saa pembezoni mwa mtaa wowote wa Kariakoo asubuhi, somo zima la kani, yaani nguvu za kusukuma na kuvuta, litapita mbele ya macho yako. Mkokoteni umesheheni magunia ya viazi. Mmoja ameshika mpini mbele, wawili wako nyuma wameinama, mabega yamekita kwenye magunia, vidole vya miguu vinatafuta mahali pa kukanyaga pasipoteleza. Anahesabu mmoja kwa sauti, wote wanasukuma kwa pamoja, na kwa sekunde nzima hakuna kinachotokea. Halafu gurudumu linajizungusha kidogo, linaongeza, na ghafla kazi inakuwa nyepesi. Mzigo ni ule ule, watu ni wale wale, barabara haijabadilika. Kimebadilika nini?

Nimefundisha fizikia ya sekondari miaka mingi kiasi cha kujua mahali wanafunzi wanapokwama, na ni hapa. Mwanafunzi anaandika kanuni ya pili ya Newton, kwamba kani ni tungamo (kilo za kitu) mara mchapuko (kuongezeka kwa kasi), bila kukosea hata herufi. Muulize: sanduku lililo sakafuni likiongezewa mzigo likawa zito maradufu, nawe ukasukuma kwa nguvu ile ile, litachapuka kwa kiasi gani? Atajibu upesi: "Nusu ya mwanzo." Sakafuni jibu hilo si kweli, na halikosei kwa kidogo. Mara nyingi sanduku hilo halitaondoka kabisa. Tungamo likiwa sakafuni hukubana mara mbili. Likiwa juu ya magurudumu mazuri hukubana karibu mara moja tu. Nataka ulione jambo hilo kwa vifaa vya nyumbani na ulipime mwenyewe, ndiyo sababu ya mwongozo huu.

Hatua ya 1: Tenganisha maneno

Usiruke sehemu hii. Kiswahili chetu cha kila siku kina neno moja, uzito, kwa vitu viwili. Tunasema gunia lina uzito wa kilo 100, na dukani hakuna anayekosea. Kwenye fizikia, hizo kilo 100 ni tungamo, ambalo vitabu vingine huliita masi: ni kiasi cha kitu chenyewe, na halibadiliki hata ukilipeleka gunia mwezini. Uzito ni kani ambayo dunia inalivutia gunia hilo chini, na hupimwa kwa nyutoni. Kila kilo moja huvutwa kwa takriban nyutoni 9.8. Kwa hiyo gunia la kilo 100 lina uzito wa nyutoni 980.

Mchapuko ni kasi ya kuongezeka kwa kasi. Neno lenyewe linajieleza: mtu akiambiwa achapue mwendo, anaongeza. Kitu kikiwa kimesimama, kisha baada ya sekunde moja kikawa kinakwenda mita 2 kwa sekunde, na sekunde inayofuata mita 4 kwa sekunde, mchapuko wake ni mita 2 kwa sekunde kwa kila sekunde. Tuandike 2 m/s² tupate kupumua.

Msuguano ni kani inayozuia nyuso mbili zilizogusana zisiteleze moja juu ya nyingine. Uko wa aina mbili za kuangalia hapa. Msuguano tuli ni ule unaoshikilia kitu ambacho bado hakijaondoka. Msuguano mwendo ni ule unaokikwamisha kikiwa tayari kinakwenda. Kwa kawaida wa kwanza ni mkubwa kuliko wa pili, na hiyo ni sehemu kubwa ya jibu la ile sekunde nzima ya Kariakoo. (Sehemu nyingine ni mashimo: gurudumu lililolala usiku kucha kwenye kishimo lazima lipande ukingo kwanza.) Ndiyo maana watu wanaosukuma kitu kizito huhesabu au huitana "harambee!". Nguvu za watu watatu zikija kwa zamu hazivuki kizingiti cha msuguano tuli. Zikija kwa mpigo mmoja, zinavuka.

Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili ameshayasikia haya mapema. Akifika kidato cha kwanza anayakuta yamebadilishiwa majina kwa Kiingereza, na wengi hudhani ni mambo mapya. Mzazi au mwalimu unayesoma hapa, mkumbushe mtoto kwamba ni msuguano ule ule.

Hatua ya 2: Kusanya vifaa

Unahitaji meza ndefu yenye uso laini, angalau mita 1.2, na ubao ulionyooka wa karibu mita moja. Tafuta kisanduku cha mbao chenye tako bapa, kiasi cha kiganja na nusu. Tia mchanga mkavu kwenye mifuko midogo ya robo kilo, nenda dukani uombe kupimiwa kwenye mizani. Chukua chupa ya maji ya nusu lita: lita moja ya maji ina tungamo la kilo 1, hivyo ukijaza chupa hiyo una nusu kilo pamoja na gramu chache za plastiki. Uzi imara usionyumbuka, futi ya fundi, na simu yenye kamera.

Ukingoni mwa meza unahitaji kitu cha kupitishia uzi. Kapi dogo likipatikana ni bora. Lisipopatikana, chukua kile kiplastiki kinachozungushiwa uzi wa cherehani, kitunge kwenye msumari mnyoofu, hakikisha kinazunguka bila kukwaruza. Uzi ukipita moja kwa moja juu ya ncha ya meza utaongeza msuguano ambao hukuupanga na vipimo vyote vitapotoka.

Pengine unajiuliza kwa nini uzi na chupa, wakati tunazungumzia kusukuma. Sababu ni kwamba mkono wa mtu haujui kusukuma kwa nguvu moja. Unaanza kwa kishindo, unalegea, unaongeza. Chupa inayoning'inia huvuta kwa nguvu ile ile tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa kitu kinachosogea sawasawa mezani, kuvutwa kwa mbele na kusukumwa kwa nyuma ni mamoja, mradi kani iwe ya mlalo. Mwelekeo ukiinama mambo hubadilika, na tutafika huko kwenye kabati.

Hatua ya 3: Pima ukorofi wa uso

Kila jozi ya nyuso ina namba yake ya ukorofi, inayoitwa kizigeu cha msuguano. Ukiizidisha namba hiyo kwa kani ambayo kitu kinakandamiza sakafu, unapata kani ya msuguano. Kizigeu kikiwa 0.3, kitu kinachokandamiza sakafu kwa nyutoni 100 kinapata msuguano wa nyutoni 30.

Kuipata namba hiyo hakuhitaji mizani yoyote. Weka ubao mezani, kisanduku juu yake, na inua ncha moja polepole. Fika mahali kisanduku kinapoanza kuteleza chenyewe, shikilia hapo. Pima kimo cha ile ncha kutoka mezani. Kisha pima umbali wa chini, kwenye meza, kutoka ncha iliyolala hadi chini kabisa ya ncha iliyoinuliwa. Usipime kwa kufuata ubao ulioinama. Gawanya kimo kwa umbali huo. Ikiwa kimo ni sentimita 36 na umbali wa chini sentimita 100, kizigeu cha msuguano tuli ni 0.36.

Sasa rudisha ubao chini kidogo, uinue tena hatua kwa hatua, na kila hatua kigonge kisanduku kwa kidole kiasi cha kukiamsha. Mwanzoni kitateleza kidogo na kusimama. Fika mahali ambapo ukikiamsha kinaendelea kuteremka kwa mwendo mmoja, hakiongezi wala hakipunguzi. Gawanya vilevile: hicho ndicho kizigeu cha msuguano mwendo. Tuseme umepata sentimita 30 kwa 100, yaani 0.30. Rudia mara tano, chukua wastani. Majibu hayatafanana sawasawa, hasa vumbi likiwepo au siku ya unyevunyevu, na huko siyo kukosea.

Jaribu na mifuko miwili ya mchanga ndani, kisha minne. Kimo ni kile kile! Darasani hapa ndipo kelele huanza, kwa sababu kila mmoja alitarajia kisanduku kizito kishikilie zaidi. Kimeshikilia zaidi kweli, lakini pia kimevutwa chini zaidi, kwa uwiano ule ule. Kilaze pia ubavuni, uone kama eneo linalogusa ubao lina neno. Kwa mbao juu ya mbao, halina, au lina kidogo sana. Leonardo da Vinci aliyaandika haya kwenye madaftari yake mwishoni mwa karne ya 15, yakabaki humo. Mfaransa Guillaume Amontons aliyatangaza upya mwaka 1699, na Charles-Augustin Coulomb akayapima kwa kina na kuyachapisha mwaka 1785. Ila usiyapeleke kila mahali. Mpira wa tairi na mchanga wa ufukweni vina tabia zao.

Fanya zoezi hili kwenye meza utakayoitumia au kwenye ubao wa aina ile ile, vinginevyo namba yako haitakufaa hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Jaribio lenyewe

Funga uzi kwenye kisanduku, upitishe kwenye kapi, uning'inize chupa ya nusu kilo. Uzi kati ya kisanduku na kapi uwe sambamba na meza. Tia alama mbili za chaki zilizoachana mita 0.5. Usizidishe umbali huo kwenye meza ya kawaida, kwa sababu chupa itafika sakafuni kabla kisanduku hakijafika alama ya pili, na kuanzia hapo hakivutwi na chochote. Weka mto mdogo karibu na kapi ili kisanduku kisiligonge.

Shikilia kisanduku kwenye alama ya kwanza. Mwenzako awashe kamera ya simu iliyotegeshwa ubavuni, ione alama zote mbili. Achia bila kusukuma. Kisha tazameni video picha kwa picha, mkihesabu kuanzia picha ya kwanza kisanduku kilipoondoka hadi pua yake inapogusa alama ya pili. Kamera ya kawaida huchukua picha 30 kwa sekunde, hivyo picha 26 ni sekunde 0.87 hivi. Kama simu ina mwendo wa polepole wa picha 120 kwa sekunde, utumie huo. Kuhesabu kwa saa ya kubonyeza si kuzuri: mkono wa binadamu huchelewa kama sehemu ya tano ya sekunde, na hapa muda wote ni karibu sekunde moja tu.

Kupata mchapuko, zidisha umbali kwa 2, gawanya kwa muda uliozidishwa kwa wenyewe. Mita 0.5 mara 2 ni 1. Muda 0.87 mara 0.87 ni 0.76. Moja gawanya kwa 0.76 ni 1.3 m/s².

Fanya hivyo kisanduku na mchanga wake vikiwa jumla nusu kilo, halafu kilo 1, halafu kilo 1 na robo, halafu kilo moja na nusu. Kila tungamo mara tano.

Hatua ya 5: Soma ulichokipata

Nitatumia vizigeu vyetu vya mfano, 0.30 na 0.36. Vyako vitakuwa tofauti kidogo, lakini umbo la majibu litakuwa hili.

Chupa inavuta kwa nyutoni 4.9. Kisanduku cha nusu kilo kinakandamiza meza kwa nyutoni 4.9, msuguano wake ni 1.47. Inabaki 3.43 ya kuchapusha. Kinachochapuka hapa si kisanduku peke yake: chupa nayo inashuka kwa mchapuko ule ule, kwa hiyo tungamo lote ni kilo 1. Mchapuko ni 3.43 m/s².

Hapa niseme jambo lililonigharimu kipindi kizima. Mwaka wa kwanza nilipofanya jaribio hili na darasa sikujumlisha tungamo la chupa. Majibu ya hesabu yakawa makubwa kuliko ya video kwa kila kikundi, nami nikalaumu meza. Meza haikuwa na kosa. Chochote kinachosogea pamoja na mzigo lazima kihesabiwe, hata kama kazi yake ni kuvuta.

Kisanduku kikiwa kilo 1, msuguano unapanda hadi 2.94. Inabaki nyutoni 1.96 ya kuchapusha kilo 1.5. Mchapuko: 1.31 m/s². Ongeza robo kilo tu. Msuguano 3.68, inabaki 1.22 kwa kilo 1.75, mchapuko 0.70. Yaani robo kilo moja imekula karibu nusu ya mchapuko. Ongeza robo nyingine ifike kilo moja na nusu. Msuguano tuli unaweza kushikilia hadi nyutoni 5.3, chupa ina 4.9. Achia mkono. Hakuna kitu. Kisanduku kimekaa na uzi umekaza.

Waache wanafunzi wakitazame kisanduku hicho kwa muda. Wengine watasema "hakuna msuguano kwa sababu hakisogei". Waulize: basi nani anayezuia zile nyutoni 4.9? Msuguano tuli hujipima. Ukisukuma kwa nyutoni 2, unarudisha 2. Ukisukuma kwa 4.9, unarudisha 4.9. Una kikomo, na kabla ya kikomo hicho unakujibu sawasawa na ulichotoa.

Sasa kwa nini tungamo linabana mara mbili? Mara ya kwanza kwa uvivu wake wa asili: kitu chenye tungamo kubwa ni kigumu kubadili mwendo, hata angani kusikokuwa na sakafu. Hilo ndilo Newton aliloliandika mwaka 1687. Mara ya pili kwa kuikandamiza sakafu, na sakafu kujibu kwa msuguano mkubwa zaidi. Kwa kitu kinachosukumwa moja kwa moja kwenye sakafu tambarare, yote mawili hukutana hivi: gawanya nguvu ya kusukuma kwa tungamo, kisha toa kizigeu mara 9.8. Kwa kizigeu cha 0.30, kila safari unatoa 2.94, kitu kiwe chepesi au kizito. Ni kama kodi ya nyumba isiyoangalia mshahara wako. Mwenye 10 anabaki na 7, mwenye 3 anabaki na senti.

Kuna zawadi ndani ya hesabu hiyo. Chupa ikishafika sakafuni na uzi ukalegea, kisanduku kinaendelea kuteleza kwa mwendo kilicho nao mpaka kisimame. Hapo kinachokipunguza ni msuguano peke yake, na kinapunguza 2.94 m/s² bila kujali mchanga ulio ndani. Visukume visanduku viwili, cha nusu kilo na cha kilo mbili, viondoke kwenye mkono wako vikiwa na kasi moja: vitasimama karibu pamoja.

Hatua ya 6: Weka magurudumu

Chukua gari la mtoto lenye magurudumu yanayozunguka vizuri, au panga gololi chini ya kibao chepesi chenye kingo. Rudia vipimo vyote kwa matungamo yale yale. Ukorofi sasa umeshuka sana. Tuchukue 0.03 kwa mfano.

Kwa nusu kilo utapata kama 4.75 m/s², kwa kilo 1 utapata 3.07, kwa kilo 1 na robo 2.59, na kwa kilo moja na nusu, pale kisanduku kilipokwama, gari linakwenda kwa 2.23. Robo kilo iliyokuwa ikila nusu ya mchapuko sasa inakula chini ya sehemu ya sita. Tungamo bado lipo na bado linakawiza, ila linabana kwa mkono mmoja tu.

Wavuvi wa pwani wanaoweka magogo chini ya ngalawa ili kuipandisha ufukweni wanafanya hatua hii hii. Chombo hakijapungua hata kilo. Na kama magurudumu hayapo, badili uso: kabati likiwekewa kanga kuukuu au gunia chini ya miguu huteleza kwenye sakafu ya vigae kwa nguvu ndogo kuliko likiwa na miguu mitupu ya mbao. Kwenye mchanga, maji ya kiasi husaidia. Kaburi la Djehutihotep, mtawala wa jimbo katika Misri ya kale, la takriban miaka 3,900 iliyopita, lina mchoro wa mtu akimwaga kimiminika mbele ya sanamu kubwa inayoburutwa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walionyesha kwamba mchanga ukiloweshwa kwa kiasi kinachofaa, nguvu ya kuburuta hupungua kufikia karibu nusu. Mchanga mkavu hujirundika mbele ya mzigo. Wenye unyevu hushikamana na kuwa mgumu. Ukizidisha maji, faida inapotea.

Kwa mkokoteni halisi, ukorofi unakaa sehemu mbili: kwenye ekseli na pale tairi linapogusa barabara. Beringi zilizokauka zitiwe grisi. Tairi lililolegea hujikunja kila linapozunguka na kila mkunjo unakula nguvu ya msukumaji, kwa hiyo lijazwe upepo asubuhi kabla ya kupakia.

Hatua ya 7: Kabati, na mwelekeo wa mikono

Hapa ndipo nyumba nyingi hupoteza nguvu bure. Kabati la kilo 40, ukorofi ule ule wa 0.30 likiwa linakwenda na 0.36 likiwa limesimama. Una nguvu ya nyutoni 200. Uzito wa kabati ni nyutoni 392.

Sukuma kwa mlalo, mikono ikiwa karibu na kimo cha kiuno. Msuguano tuli wa juu kabisa ni nyutoni 141, umeuvuka. Likishaondoka msuguano ni 118, zinabaki 82 za kuchapusha kilo 40: kama 2.06 m/s². Safi.

Sasa simama umeinamia kabati kutoka juu, mikono ikielekea chini kwa nyuzi 30. Kati ya nyutoni zako 200, ni 173 tu zinazokwenda mbele. Nyingine 100 zinakandamiza kabati chini, kana kwamba umempandisha mtoto wa kilo 10 juu yake. Mkandamizo unakuwa 492, na msuguano tuli unaweza kufika 177. Una 173. Kabati halitoki, na wewe unatoka jasho. Hata mwenzako akiligonga likaamka, litachapuka kwa 0.64 tu, chini ya theluthi ya lile la kwanza.

Geuza: funga kamba chini, vuta ukielekea juu kwa nyuzi hizo hizo 30. Nyutoni 100 sasa zinabeba sehemu ya uzito, mkandamizo unashuka hadi 292 na msuguano mwendo hadi 88. Mchapuko ni 2.14, bora kidogo hata kuliko kusukuma kwa mlalo. Nguvu ni zile zile 200 katika hali zote tatu.

Kwa hiyo ukihamisha kabati: toa vitu vya ndani kwanza, weka gunia chini ya miguu, shusha mikono, nyoosha viwiko, sukuma kwa mlalo. Usishuke chini sana ya katikati pia, na usiende juu sana, maana kabati jembamba likinaswa miguuni hupinduka badala ya kuteleza. Mtoto asikae upande linakoelekea.

Jaribu hili mezani pia kwa mizani ya springi ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo ya safari. Unganisha kwenye kisanduku, vuta kwa mlalo, kisha kwa kuinua kidogo, na soma namba wakati kisanduku kinaanza kuondoka.

Hatua ya 8: Kusimamisha

Wengi huishia kwenye kuondoka, ilhali hatari iko kwenye kusimama. Kisanduku kinachoteleza husimamishwa na sakafu, na sakafu huongeza msuguano kadiri mzigo unavyoongezeka. Mkokoteni hausimamishwi hivyo. Unasimamishwa na mtu, na mtu haongezeki mzigo ukiongezeka.

Mkokoteni wa kilo 200 unaotembea mita 1.5 kwa sekunde, mwendo wa mtu mwenye haraka, ukizuiwa kwa nyutoni 200 kwenye tambarare husimama baada ya mita 1.1 hivi. Ukiwa na kilo 400, mita 2.25. Sasa upeleke kwenye mteremko unaoshuka mita 5 kwa kila mita 100 za barabara. Jicho halioni hata kama ni mlima. Lakini dunia inauvuta mkokoteni huo wa kilo 400 kwenda chini kwa nyutoni 196 hivi. Mtu mwenye nyutoni 200 anabakiwa na 4 za kusimamishia. Zaidi ya hapo anategemea msuguano wa magurudumu, ule ule ambao asubuhi tuliupunguza kwa grisi na upepo.

Ndiyo sababu wapo wasukumaji wanaofunga kipande cha tairi kuukuu nyuma, chini ya kitako cha mkokoteni. Wakifika mteremkoni wanainua mpini, kitako kinashuka, ule mpira unaburura lami, na mzigo wenyewe ndio unaoukandamiza. Gunia likiongezwa nyuma, breki nayo inaongezeka. Ukiufunga wa kwako, fanya majaribio mkokoteni ukiwa na nusu ya mzigo, mahali pasipo na watu mbele, na uangalie unene wa mpira kila baada ya siku chache, maana lami huula upesi.